Shoti mbili, shoti huru na nyeupe iliyokataa kurudi

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Lindi mjini, nacheza pool kwenye meza ya sarafu jirani na stendi, na pale kijiweni si rahisi mtu kunifunga. Mwezi uliopita tulialikwa Mtwara, Chikongola, kushindana na vijana wa kule. Nikatolewa mapema na mpaka leo sielewi nilikosea nini. Kwanza, mpinzani alifanya faulo, nikahesabu nina shoti mbili. Ya kwanza nikaingiza, iliyofuata nikakosa, nikainama kupiga tena kwa sababu kwetu shoti iliyoingiza haihesabiwi. Mwamuzi akasema zamu yangu imekwisha, eti nilikuwa na 'shoti huru' moja tu. Pili, mpinzani alinificha nyuma ya mpira wake, nikairusha nyeupe ikapita juu, ikagusa mpira wangu safi kabisa. Nikaambiwa faulo. Mbona kwenye video Wamarekani wanarusha na watu wanapiga makofi? Tatu, na hili ndilo lililoniuma, kwetu nikiipiga nyeupe chini inarudi mpaka nilipo. Kule ilikuwa inasimama, mara nyingine inasogea mbele. Wenzangu wanasema fimbo yangu mbovu, ninunue nyingine. Naomba unieleze maneno ya mchezo huu yanavyotumika, sheria ipi ndiyo ya kweli, na kama ninunue fimbo."

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile la fedha, maana ndilo linaloweza kukugharimu kesho asubuhi: usinunue fimbo. Kwa ulivyoeleza, fimbo ndiyo ya mwisho kushukiwa. Kilichokukatalia Chikongola kwa dalili zote ni mpira mweupe wenyewe, ule unaopigwa na fimbo, na chini nitakueleza namna ya kuupima bila kuamini maneno yangu wala ya wenzako. Kuhusu mwamuzi, kwa sheria aliyokuwa anaisimamia hakukuonea. Kosa ni la walioandaa, waliowaita wageni kutoka Lindi bila kuwaambia kwanza mnachezea sheria gani. Na hilo linatokea kila mahali huku kwetu, Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, Nachingwea. Watu wanapanga dau, wanapanga nani anaanza, sheria inakumbukwa ugomvi ukishaanza.

Unauliza sheria ipi ndiyo ya kweli. Ziko tatu, na zote ni za kweli pale zinapokubaliwa. Ya kwanza ni ile ya zamani ya meza ndogo za baa za Uingereza, iliyosambaa pamoja na meza za sarafu. Hiyo ndiyo mnayocheza stendi, hata kama hakuna aliyewahi kuisoma. Ya pili inaitwa blackball. Hii iko kwenye vitabu vya Shirikisho la Dunia la Pool na Biliadi, WPA, lililoundwa mwaka 1987, na ndiyo inayotumika kwenye mashindano ya Afrika ya meza ndogo. Ya tatu ni mchezo wa mpira namba nane wa Kimarekani, nao uko kwenye vitabu vya WPA hao hao, unachezwa kwenye meza kubwa ya futi 9 yenye mashimo mapana, na ndio unaouona kwenye video. Wewe ulikwenda na sheria ya kwanza kichwani na matumaini ya sheria ya tatu, ukaingia kwenye meza ya sheria ya pili.

Sasa tuiangalie ile faulo yako. Kwenye sheria ya zamani, mwenzako akifanya faulo unapata shoti mbili, na ukiingiza kwa ile ya kwanza unaendelea, ile ya pili bado inakungoja. Unaweza kuingiza mipira mitatu, ukakosa, ukapiga tena. Hapo hesabu yako ni sahihi kabisa. Blackball waliondoa jambo hilo. Unachopewa ni shoti huru moja, halafu zamu yako ya kawaida. Shoti huru ni moja tu, iingize au isiingize. Baada yake unaingia kwenye zamu yako, na zamu inakwisha unapokosa. Wewe shoti huru uliitumia kuingiza. Ile uliyokosa ilikuwa tayari ni zamu. Mwamuzi alikuwa sahihi.

Lakini nataka uone ulichokiacha mezani, kwa sababu wachezaji wengi wanaotoka kwenye sheria ya zamani wanakiacha. Neno "huru" lina maana yake. Katika shoti hiyo moja unaweza kuiacha nyeupe ilipo, au kuichukua na kuiweka nyuma ya mstari wa kuanzia. Unaweza kugusa mpira wa mpinzani kwanza, hata kuuingiza, bila kuitwa faulo. Kinachokatazwa ni kuingiza nyeusi, ule mpira wa kumalizia mchezo, kabla mipira yako haijaisha. Kwa hiyo mchezaji mzoefu akipewa shoti huru hakimbilii mpira wake rahisi, ule upo na utaendelea kuwepo. Anaitumia kufungua. Kama mipira yake miwili imebanwa ukingoni na mpira wa mpinzani, anaipasua kwanza kwa shoti huru, kisha anaanza zamu meza ikiwa wazi. Wewe uliila chenji kabla ya kununua chumvi, kama wanavyosema mama zetu, na mpinzani akamalizia.

Tufike kwenye kuruka. Neno tunalotumia kwa mchezaji aliyezibiwa ni "kafichwa" au "kapewa snuka", na watu wanalitumia ovyo. Kufichwa maana yake ni kwamba hakuna hata mpira mmoja wa kwako unaoweza kuguswa na nyeupe kwa mstari ulionyooka. Kama kuna mpira wako mmoja ambao ukingo wake unaonekana hata kwa upana wa kucha, hujafichwa, una shoti ngumu tu. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu blackball inamhurumia aliyefichwa kweli. Kwa kawaida, baada ya nyeupe kugusa mpira wako, lazima mpira fulani uingie shimoni au mpira wowote ufike ukingoni, la sivyo ni faulo. Aliyefichwa anasamehewa sharti hilo la ukingo. Akiugusa mpira wake kwanza, basi, ametoka salama. Ndiyo maana nakushauri, ukijiona umefichwa, usiiname kabla ya kumwambia mwamuzi, "naona nimefichwa," naye akubali au akatae. Ukishapiga umechelewa.

Kwa upande wa kurusha, blackball inakataza nyeupe kupita juu ya mpira mwingine kabla ya kugusa. Haijalishi umeugusa mpira wako vizuri kiasi gani baada ya hapo. Wamarekani wanaruhusu, ila hata wao kwa sharti: fimbo iinuliwe nyuma na kushuka kuipiga nyeupe kutoka juu, kitambaa kiisukume nyeupe iruke. Ile ya kuingiza ncha chini ya mpira na kuuchota juu, ambayo ndiyo vijana wengi wa vijiweni wanayoijua, ni faulo hata Marekani. Sijui wewe ulirusha ipi. Vyovyote, kwenye meza ile njia yako halali ilikuwa kupitia ukingo. Tafuta mahali pa ukingo ambapo pembe ya kuingia na ya kutoka zinafanana, piga nyeupe katikati bila spini, yaani bila kuizungusha, kwa nguvu ya wastani, kwa sababu ukikandamiza kwa nguvu raba ya ukingo inabonyea na pembe inakuwa fupi. Na hapa tuseme tofauti moja inayozua maneno: nyeupe ikianza ukingoni ndipo iguse mpira wako, hiyo ni kutoka kwenye snuka. Mpira wako ukiguswa na nyeupe kisha wenyewe ukapiga ukingo na kurudi kuingia shimo la upande mwingine, hiyo ndiyo dabo. Mwamuzi akikuuliza umepiga dabo, anauliza juu ya mpira wa rangi, siyo juu ya nyeupe.

Kuna imani nyingine mbili umenigusia kidogo kwa kusema "kwetu", na najua mnazo kwa sababu ziko vijiwe vyote vya kusini. Moja, kwamba ukiigusa nyeusi kwanza kabla ya zamu yake umepoteza mchezo. Si kweli, kwenye blackball hiyo ni faulo ya kawaida. Unapoteza mchezo ukiiingiza nyeusi kabla ya mipira yako kuisha, au ukiiingiza pamoja na nyeupe. Pili, kwamba nyeusi ikiingia wakati wa kuvunja, yaani shoti ya kwanza ya kutawanya mipira, umeshinda. Hapana, na hujapoteza pia. Kwenye blackball mipira inapangwa upya na aliyevunja anavunja tena. Na kwa kuwa tumegusa kuvunja: ili iwe halali lazima uingize mpira, au mipira isiyopungua miwili ivuke ule mstari wa kufikirika unaounganisha mashimo mawili ya katikati. Wamarekani wanahesabu vingine, wanataka mipira minne ifike ukingoni kama hakuna ulioingia. Kuhusu bahati, yaani mpira ulioulenga shimo hili ukaingia lile, blackball haikudai kutaja shimo, kwa hiyo ni wako. Wamarekani wanataka utaje mpira na shimo, usipotaja sawasawa zamu inakwisha.

Haya, nyeupe sasa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye somo.

Unapoipiga nyeupe chini ya katikati, unaipa vitu viwili kwa pamoja: mwendo wa kwenda mbele na mzunguko wa kurudi nyuma. Inateleza juu ya kitambaa ikiwa inazunguka kinyume, sawa na gurudumu la bodaboda linalozungukia mchangani bila kushika. Kitambaa kinaukwangua ule mzunguko kila sentimita. Umbali ukiwa mrefu, mzunguko wa nyuma unaisha njiani, kwanza nyeupe inateleza bila mzunguko wowote, halafu inaanza kubingirika kwenda mbele kama kawaida. Kwa hiyo shoti ileile, nguvu ileile, mahali palepale pa kupiga, inatoa matokeo matatu kutegemea mpira wa rangi uko mbali kiasi gani. Ukikutana nao mzunguko wa nyuma bado upo, nyeupe inarudi. Ukikutana nao mzunguko umeisha, nyeupe inasimama palepale, na hiyo sisi tunaiita kugandisha. Ukikutana nao nyeupe imeshaanza kubingirika, inafuata mbele.

Kwa nini inarudi au kusimama? Mipira miwili yenye uzito sawa ikigongana uso kwa uso, ule uliokuwa unakwenda unamkabidhi mwenzake mwendo wake karibu wote. Nyeupe inabaki bila mwendo, lakini mzunguko wake haukukabidhiwa, bado anao. Kitambaa kinaushika mzunguko huo na kuivuta nyeupe upande unaozungukia. Kurudisha, kugandisha na kufuatisha ni jambo moja tu, tofauti ni mzunguko uliobaki wakati wa kugongana.

Sasa soma tena sentensi yangu: mipira miwili yenye uzito sawa. Meza za sarafu zina taabu moja. Mipira ya rangi ikiingia shimoni inamezwa mpaka uweke sarafu nyingine, ila nyeupe ikiingia lazima irudishwe ili mchezo uendelee. Meza inaitambuaje nyeupe? Watengenezaji wana njia kadhaa. Wengine wanaifanya nyeupe ndogo: mipira ya rangi ya meza ndogo ya Kiingereza ina kipenyo cha inchi 2, karibu milimita 51, na nyeupe yake ina inchi 1 na saba ya nane, karibu milimita 47 na nusu. Wengine wanaifanya kubwa kuliko zingine. Wengine wanaweka chuma ndani ili sumaku iivute. Kwenye meza za mashindano zisizo za sarafu, nyeupe na rangi zinaweza kuwa na ukubwa na uzito mmoja.

Milimita tatu unaziona ndogo? Uzito unafuata ujazo. Nyeupe ya milimita 47 na nusu, ikiwa ya malighafi ileile, ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko mpira wa rangi wa milimita 51. Nyepesi ikigonga nzito, inadunda nyuma yenyewe hata bila spini, kwa karibu sehemu moja ya kumi ya mwendo iliyokuja nao. Ukiongeza spini ya nyuma juu yake, inakuja mpaka ulipo na watu wanakusifia mkono. Nyeupe kubwa na nzito inafanya kinyume: inaisukuma rangi na kuendelea mbele, na kabla ya kurudi ni lazima spini yako iushinde kwanza huo mwendo wa mbele uliobaki. Hicho ndicho ulichokiona Chikongola. Mkono wako ulikuwa uleule. Kwa miezi yote hiyo stendi, nyeupe ndogo ilikuwa inakusaidia bila wewe kujua. Na habari hiyo ina upande wa pili: naamini ukijaribu kufuatisha mbele pale stendi unasumbuka, sivyo? Ni kwa sababu ileile.

Upimaji ni huu. Weka nyeupe na mpira wa rangi vigusane juu ya meza, chuchumaa mpaka jicho liwe sawa na kitambaa, tazama vichwa vya mipira kwa kupitia kipande cha karatasi ngumu kilichowekwa juu yake. Karatasi ikilala sawa, mipira ina ukubwa mmoja. Ikiinama upande wa nyeupe, nyeupe ni ndogo. Ikiinama upande wa rangi, nyeupe ni kubwa. Nyeupe yenye chuma huigundui kwa karatasi, ishike mkono huu na rangi mkono ule, au ipige polepole katikati kwa karibu uone kama inasimama, inadunda au inasukuma. Fanya hivyo kila unapokwenda meza ngeni, kabla ya kuweka sarafu ya pili.

Kitambaa nacho kina sehemu yake. Wewe unatoka Lindi, unajua unyevu wa pwani ulivyo. Meza inayokaa chini ya banda la makuti Shangani au Mikindani, upepo wa bahari unapita juu yake usiku kucha, kitambaa cha sufu kinanyonya maji na kuwa kizito. Kizito kinamaanisha spini inaisha haraka na mipira inachoka kabla ya kufika. Wakati wa masika tofauti inaonekana wazi kati ya asubuhi na alasiri ya jua. Kama sakafu ya meza ni ubao badala ya jiwe la sleti, unyevu unaivimbisha na mpira unaopigwa polepole unapinda. Hapo zamani ilikuwa balaa zaidi, kwa sababu mipira yenyewe ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe inavimba na kunywea kwa hali ya hewa na uzito wake haulingani pande zote. Sehemu ya pembe hizo zilishukia bandari hizi hizi zetu, Kilwa, Lindi na Mikindani, kupelekwa Zanzibar na ng'ambo. Siku hizi mipira ni ya resini ngumu, haina tabu hiyo, kitambaa na ubao ndivyo vilivyobaki kuteseka.

Baada ya nyeupe na kitambaa ndipo tunafika kwenye fimbo yako, na hata hapo tatizo si ubao wa fimbo, ni ncha. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa François Mingaud ndiye anayesifiwa kwa kuweka ngozi kwenye ncha ya fimbo, na tangu hapo spini ikawezekana. Ngozi hiyo ikikaa muda bila kuangaliwa inagandamana, inang'aa, inakuwa bapa. Ncha bapa inayong'aa haishiki mpira, inateleza. Chukua msasa laini, ikwangue kidogo tu mpaka ipoteze mng'ao, na uirudishie mviringo. Ukisimamisha sarafu nyuma ya ncha, mviringo wa ncha uende karibu na wa sarafu. Kisha chaki, na hapa nakuomba sana: chaki ya ubao wa shule haifanyi kazi hii. Chaki ya pool si chokaa. Ile waliyoitengeneza William Spinks na William Hoskins na kuipatia hataza Marekani mwaka 1897 ilikuwa na unga wa kukwaruza unaoongeza mshiko kati ya ngozi na mpira, na za leo zinafuata njia hiyo. Ya shule ni laini, haitoi mshiko huo. Nimeona kijiweni kipande cha chaki ya darasani kimefungwa kamba kwenye mguu wa meza na vijana wanajipaka kwa bidii, halafu wanalalamikia fimbo. Paka kwa kufagia juu ya ncha, usiikoroge chaki kama unatoboa.

Usipige chini kupita kiasi pia. Mpaka wa salama ni karibu nusu ya safari kutoka katikati ya mpira kwenda ukingo wake. Kwenye nyeupe yako ya milimita 47 na nusu, hiyo ni kama milimita 12 tu chini ya katikati. Zaidi ya hapo ncha inateleza hata ikiwa na chaki nzuri. Vijana wakitaka nyeupe irudi zaidi wanashuka zaidi, wakati kinachotakiwa ni fimbo kupita kwa mwendo na kulala karibu sawa na meza.

Spini ya pembeni sitaieleza kwa urefu leo. Jua tu kwamba kazi yake kubwa ni kubadilisha pembe nyeupe inapogonga ukingo, na kwamba inapotosha mambo mawili mengine: nyeupe haiendi pale hasa ulipolenga, na mpira wa rangi unavutwa kidogo pembeni. Mpaka ushike kugandisha kwa uhakika, iache.

Ila kuna faulo moja nataka uijue kabla hujarudi kule, maana inaleta ugomvi kuliko zote na wengi hawaioni. Nyeupe ikiwa karibu sana na mpira wako, upana wa kidole kimoja, na ukapiga moja kwa moja kwa kusukuma fimbo mbele, ncha inaigusa nyeupe mara mbili. Nyeupe inagonga rangi, inasimama kwa kitambo kidogo mno, fimbo inaikuta tena. Sikio halisikii. Mwamuzi anatazama nyeupe ilivyokwenda: kama imeongozana na mpira wa rangi kwa mwendo uleule tangu mwanzo, ni faulo, kwa sababu kwa mgongano safi nyeupe ilipaswa kukabidhi mwendo na kubaki nyuma. Ukikutana na hali hiyo, piga kwa pembe au fupisha fimbo kabisa. Na ukiwa wewe ndiye mtazamaji, usipige kelele "hajagusa mara mbili" kama hukuwa unaangalia nyeupe.

Kabla ya fremu, yaani mchezo mmoja mzima, ya kwanza na wageni, muulize mwamuzi au mpinzani kwa sauti watu wasikie: faulo inalipwa kwa shoti mbili au shoti huru na zamu, nyeupe ikiingia inawekwa nyuma ya mstari au popote, kurusha kunaruhusiwa, nyeusi ikiingia kwenye kuvunja inakuwaje, na shimo linatajwa au halitajwi. Ni nusu dakika. Msimu wa korosho vijana wana fedha mkononi na dau linapanda, nusu dakika hiyo imenusuru meno ya watu. Kuhusu dau lenyewe nitakwambia kama ninavyomwambia mdogo wangu wa kuzaliwa: ukiona unarudi mezani ili urudishe hela uliyopoteza jana, hapo si mchezo tena. Funga fimbo, kamweleze mtu mzima unayemheshimu nyumbani, usibaki nalo peke yako.

Kuna mambo sitayaona kwa maandishi. Kama baada ya kupima nyeupe, kukwangua ncha na kupata chaki ya kweli bado nyeupe hairudi kwa umbali wa sentimita 30 kutoka mpira wa rangi, basi ni mkono, na mkono unahitaji mtu wa kusimama nyuma yako. Mara nyingi kiwiko kinashuka wakati wa kupiga, au mkono wa mbele unaoshikilia fimbo umeinuka, na mwenyewe huwezi kuhisi. Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa meza, kisha mpelekee mchezaji mzoefu au kocha akuangalie ana kwa ana. Kama mipira inapinda ikipigwa polepole kuelekea shimo lilelile kila mara, hilo ni la mwenye meza, amwite fundi ailinganishe kwa pima maji, siyo kuchomeka kipande cha ndala chini ya mguu. Na kama kifundo cha mkono au bega linauma hata siku usizocheza, nenda hospitali uangaliwe, usisugue dawa ya misuli ukaendelea.

Mazoezi yako ya wiki hii ni haya tu. Usicheze fremu. Weka mpira wa rangi sentimita 30 mbele ya nyeupe, gandisha. Ukiweza kuifanya nyeupe isimame palepale, ongeza umbali kidogo, gandisha tena, utaona inabidi ushuke kidogo chini ya katikati kila umbali unavyoongezeka. Pale stendi nyeupe yenu ikiwa ndogo itakuwa inadunda nyuma kidogo, kwa hiyo itakubidi upige juu zaidi kuliko utakavyopiga Mtwara. Wapigie wenyeji wako wa Chikongola, waulize nyeupe yao ni sawa na rangi au kubwa, na kama wana ya akiba waombe wakutumie kwa mtu anayekuja Lindi na basi. Ukishaipata niandikie imekuaje, pamoja na ilivyolala ile karatasi.